Mbio za baiskeli za uwanjani: Manchester 2008, nani alichukua nini

Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, yale aliyoshinda Tadej Pogačar, nimeulizwa swali moja si chini ya mara kumi: "Mbona kuna mashindano mengine ya dunia ya baiskeli yanafanyika ndani ya jengo, watu wanazunguka kwenye ubao? Ni yaleyale au?" Jibu fupi ni kwamba si yaleyale. Ya Kigali yalikuwa ya barabarani, na yale ya kwenye ubao ni ya uwanjani. Yana ubingwa wake, mabingwa wake na jezi zake za upinde wa mvua. Leo nawaeleza hayo kwa kutumia mashindano ninayoyakumbuka kuliko yote, ya Manchester, Uingereza, kuanzia tarehe 26 hadi 30 Machi 2008.

Kwa nini ya 2008 na si ya juzijuzi? Kwanza, hayo ndiyo yaliyonifanya niupende huu mchezo. Pili, ndani ya siku zile tano utaona kila kitu: wenyeji wakigeuka wababe wa dunia, mtu aliyefutiwa mbio zake akirudi na mbio nyingine, wanawake wakipewa mchezo mpya, na mmoja wa wenyeji akiondolewa kabla hata hajapanda baiskeli. Nilifuatilia kwenye kafe moja Mwanza, nusu saa shilingi mia tano, ukurasa unafunguka taratibu kama unasukumwa na punda. Picha zilikuwa zinaanza kuonekana juu, unaona kofia ya mtu, halafu muda wako unaisha.

Tuanze na uwanja wenyewe. Ule wa Manchester ulifunguliwa 1994. Njia yake ni ya mbao na mzunguko mmoja ni mita 250. Kwenye kona ubao umeinuka takribani nyuzi 42, yaani kwa miguu ukipanda pale utateleza na kurudi chini. Ukienda pole pole unaanguka. Kinachomshikilia mtu pale juu ni mwendo tu.

Baiskeli nayo si kama hizi Phoenix zetu. Haina breki hata moja na haina friwili. Baiskeli ya kawaida ukiacha kupiga pedeli inateleza yenyewe, unausikia ule mlio wa nyuma. Hii ya uwanjani gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unaikaza kwa miguu au unapanda juu kwenye ubao. Kuweka breki kungekuwa hatari zaidi, maana wa mbele akibana ghafla walio nyuma yake wote wanamparamia.

Mwaka ule kulikuwa na medali 18 za dhahabu za kugombewa, 10 za wanaume na 8 za wanawake. Wanaume walikuwa na mbio mbili zaidi, omniamu na Madison. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Sasa mambo yenyewe. Waingereza walichukua dhahabu 9 kati ya 18. Nusu! Wakaongeza fedha 2, jumla medali 11, na shaba hawakupata hata moja. Kwa mchezo ambao Ufaransa, Australia na Uholanzi walikuwa wakali miaka mingi, hilo lilikuwa jambo la kushangaza, ingawa si la bahati. Kuanzia 1997 sehemu ya fedha za bahati nasibu ya taifa lao ilianza kupelekwa kwenye michezo ya Olimpiki, na baiskeli za uwanjani zilikuwa kati ya michezo iliyopewa kipaumbele. Sababu ni ya kihesabu tu: medali ni nyingi, hali ya hewa haiingilii ndani ya jengo, na kila kitu kinapimika kwa saa. Dave Brailsford alisimamia timu, na bingwa wa zamani Chris Boardman akaongoza kikundi cha kuchunguza fremu, magurudumu, kofia na nguo. Kwa hiyo mnapoona mtu ameshinda kwa kisehemu cha sekunde, jueni nyuma yake kuna watu waliokaa miezi wakibishana kuhusu mshono wa nguo.

Nyota wa wiki ile kwangu mimi ni Chris Hoy wa Scotland. Hadithi yake inabidi niirudishe nyuma kidogo.

Hoy alikuwa mtu wa kilomita moja. Mbio hizo ni rahisi kuelewa: unaanza umesimama, peke yako, unapiga mizunguko minne kwa nguvu zako zote, saa inasomwa, mwenye muda mdogo kashinda. Athens 2004 akachukua dhahabu ya Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 0.711. Mwaka uliofuata wakubwa wakatangaza kwamba kilomita moja inaondolewa kwenye Olimpiki ya Beijing ili kupisha BMX, zile baiskeli ndogo za kuruka vichuguu. Yaani wewe ni bingwa wa Olimpiki, hujashindwa na mtu, hujaumia, lakini mbio zako hazipo tena. Hebu fikiria fundi aliyejenga jina kwa kutengeneza redio, anaamka asubuhi anaambiwa redio zimepigwa marufuku.

Mei 2007 alienda La Paz, Bolivia, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi na upinzani wake ni mdogo, akajaribu kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita moja ya Mfaransa Arnaud Tournant. Akaikosa kwa sekunde 0.005. Kope ukiifumba tayari umepitiliza muda huo mara nyingi. Alichopata kule ni rekodi ya mita 500, sekunde 24.758.

Ilibidi ajifunze upya. Akachagua keirini na sprinti. Keirini ilizaliwa Japani mwaka 1948, na kule hadi leo watu huwekea pesa kama mbio za farasi. Pikipiki ndogo inawatangulia waendeshaji, inaanza taratibu na kupandisha mwendo hadi kilomita 50 kwa saa, wao wanagombea nafasi nyuma yake. Ikibaki mizunguko miwili na kitu pikipiki inatoka (ndivyo ilivyokuwa enzi hizo, siku hizi inatoka ikibaki mitatu), halafu kila mtu na lake. Mabega yanagongana hasa. Hoy alishinda Manchester, Teun Mulder wa Uholanzi akawa wa pili.

Hiyo watu waliitegemea. Sprinti ndiyo hakuna aliyeitegemea. Sprinti ni ya watu wawili, mizunguko mitatu, na kinachochekesha ni kwamba mzunguko wa kwanza wanaweza kwenda kama wanatembea, wanatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Anayetangulia anamkatia upepo wa nyuma yake, ndiyo maana hakuna anayetaka kuwa mbele mapema. Halafu ghafla mmoja anachomoka kutoka juu ya ubao, anashuka kama jiwe, na mita 200 za mwisho zinaisha kwa sekunde kumi na kidogo. Anayeshinda mara mbili ndiye anayesonga. Ni mchezo wa akili, na Hoy alijulikana kama mtu wa nguvu tu.

Kwenye robo fainali akakutana na Theo Bos, Mholanzi aliyekuwa bingwa mtetezi wa dunia. Hapo mimi na rafiki yangu mmoja pale kafe tulishawekeana sahani ya chipsi mayai. Mimi nilikuwa na Bos, maana nilikuwa najifanya najua. Hoy akamtoa. Umati wa Manchester ulipiga kelele mpaka waandishi waliokuwepo wakaandika kuhusu kelele kuliko mbio. Fainali akamfunga Mfaransa kijana Kévin Sireau, shaba ikaenda kwa Mickaël Bourgain, naye Mfaransa.

Mara ya mwisho kwa mwanaume wa Uingereza kuwa bingwa wa dunia wa sprinti ilikuwa 1954, Reg Harris. Miaka 54. Sanamu ya Harris imewekwa ndani ya uwanja uleule, inaangalia kona ya mwisho, kwa hiyo unaweza kusema mzee alikuwepo akishuhudia.

Chipsi mayai nilizilipa. Na pilipili juu.

Upande wa mbio ndefu, mtu wa wiki alikuwa Bradley Wiggins. Alitwaa dhahabu tatu. Ya kwanza ni mbio za kukimbizana za mtu mmoja mmoja, kilomita 4: wawili wanaanza pande mbili tofauti za uwanja, kila mmoja anamfukuza mwenzake. Ukimfikia umemaliza kazi, usipomfikia saa inaamua. Fainali alimshinda Jenning Huizenga wa Uholanzi.

Ya pili ni mbio hizohizo kwa timu ya watu wanne, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu kwangu hii ndiyo mbio nzuri kuliko zote za uwanjani. Wanne wanakwenda kwa mstari, gurudumu la mbele la mmoja likiwa sentimita chache tu kutoka gurudumu la nyuma la mwenziwe, hakuna breki, kumbukeni. Wa mbele anakula upepo wote. Baada ya mzunguko mmoja au chini kidogo anapanda juu kwenye kona, wenzake wanapita chini yake, anashuka na kujiunga mkiani. Akichelewa kushuka kidogo tu anaachwa na hawezi kurudi tena. Muda unachukuliwa kwa mtu wa tatu kuvuka, kwa hiyo mmoja anaruhusiwa kufa njiani, wawili hapana. Ed Clancy, Paul Manning, Geraint Thomas na Wiggins waliifunga Denmark kwa dakika 3 na sekunde 56.322, rekodi mpya ya dunia. Ile ya zamani ilikuwa ya Australia, 3:56.610, iliyowekwa Athens 2004. Piga hesabu: kilomita 4 kwa muda ule ni wastani wa kilomita karibu 61 kwa saa, na wameanza wakiwa wamesimama. Kwa miguu ya binadamu. Daladala nyingi mjini hazifikishi.

Kwa taarifa yenu, rekodi ile haikudumu hata nusu mwaka. Beijing Agosti 2008 walishusha mpaka 3:53.314. Olimpiki ya Paris 2024 Australia walifikisha 3:40.730. Yaani wale mashujaa wangu wa Manchester wangewekwa leo kwenye fainali moja na hao, wangeachwa na zaidi ya mzunguko mzima. Gia nzito zaidi, nguo, mikao, hesabu za upepo, vyote vimebadilika.

Dhahabu ya tatu ya Wiggins ni ya Madison, na mwenzake alikuwa kijana wa miaka 22, Mark Cavendish. Madison imepewa jina la Madison Square Garden ya New York. Timu ni ya wawili: mmoja anashindana, mwingine anazunguka taratibu juu akipumzika, na wakibadilishana yule anayetoka anamshika mwenzake mkono na kumrusha mbele. Ukiangalia mara ya kwanza utadhani ni fujo ya stendi ya mabasi, kila mtu anapita kila mahali. Ujerumani wakawa wa pili, Denmark wa tatu. Cavendish huyu ndiye baadaye alikuja kushinda hatua 35 za Tour de France, nyingi kuliko mtu yeyote. Miezi mitano tu baada ya Manchester, Beijing, wawili haohao wakamaliza wa tisa, na Cavendish akawa mwendeshaji pekee wa uwanjani wa Uingereza aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Nilisema kuna aliyeondolewa. Ni Rob Hayles, mkongwe wa Waingereza, aliyekuwa tayari na medali za Olimpiki. Kabla ya mbio waendeshaji walikuwa wakipimwa damu, kipimo kinaitwa hematokriti, kinaangalia asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu. Kwa wanaume kikomo kilikuwa 50. Hayles akatoka na 50.3. Hiyo peke yake haithibitishi kwamba mtu katumia dawa, maana hata kupungukiwa maji mwilini kunaweza kuipandisha, lakini kanuni ilimtaka apumzishwe siku 14. Mashindano yakampita. Hadi Aprili vipimo zaidi vikaonyesha hana kosa na akasafishwa. Mimi hili linanikera mpaka kesho. Naelewa kwa nini kanuni ilikuwepo, mchezo wa baiskeli ulikuwa umeoza kwa dawa miaka ile. Ila kusafishwa baada ya ngoma kuisha hakumrudishii mtu mbio zake za nyumbani.

Tuje kwa akina dada, ambao magazeti mengi yaliwaweka ukurasa wa ndani ingawa walileta dhahabu nne kati ya zile tisa. Victoria Pendleton alishinda sprinti mbele ya Simona Krupeckaitė wa Lithuania, akashinda sprinti ya timu pamoja na Shanaze Reade, na kwenye keirini akawa wa pili nyuma ya Mmarekani Jennie Reed. Reade, kama mlikuwa hamjui, ni mtu wa BMX! Mchezo uleule uliomfukuza Hoy kwenye kilomita moja ulimwazima Pendleton mwenzake wa timu.

Rebecca Romero ndiye aliyenishangaza zaidi. Athens 2004 alipata fedha ya Olimpiki kwenye kupiga makasia. Akaachana na mtumbwi, akaanza baiskeli, na Manchester 2008 akawa bingwa wa dunia wa mbio za kukimbizana, akimshinda Mmarekani Sarah Hammer. Pamoja na Wendy Houvenaghel na Joanna Rowsell wakachukua pia ile ya timu, watu watatu kwa kilomita 3, ambayo kwa wanawake ilikuwa inafanyika kwa mara ya kwanza kabisa kwenye mashindano ya dunia.

Sasa ile hesabu niliyosema mshike. Manchester wanawake walikuwa na mbio 8. Walipofika Beijing wakakuta mbio 3 tu, wanaume 7. Keirini ya wanawake haikuwepo, ya timu haikuwepo, sprinti ya timu haikuwepo. Hoy aliondoka Beijing na dhahabu tatu na mwaka uliofuata akawa Sir. Pendleton angeshinda kila kitu kwenye sprinti bado angeondoka na moja, na ndiyo aliyoondoka nayo. Haikuwa tofauti ya miguu, ilikuwa tofauti ya ratiba. London 2012 ndipo wakasawazisha, tano kwa tano, lakini kusawazisha huko kulikula mbio za kukimbizana za mtu mmoja. Romero, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo, hakuwa tena na cha kutetea. Yaliyompata Hoy yakamrudia yeye.

Wengine nisiwasahau, maana dhahabu nyingine tisa zilikwenda kwa watu. Sprinti ya timu ya wanaume walichukua Wafaransa, mmoja wao akiwa Grégory Baugé, Waingereza wakawa wa pili. Kilomita moja ilikwenda kwa Mulder, yuleyule aliyeshindwa na Hoy kwenye keirini. Belarus waliondoka na mbio za pointi kupitia Vasil Kiryienka na skrachi kupitia Aliaksandr Lisouski. Hayden Godfrey wa New Zealand alichukua omniamu. Kwa wanawake Lisandra Guerra wa Cuba alishinda mita 500, na Waholanzi wakapata mbili: Ellen van Dijk skrachi, Marianne Vos pointi. Ongeza keirini ya Jennie Reed na hesabu inatimia.

Na Afrika je? Swali hilo najua linakuja. Huu mchezo unakula pesa kabla hujaanza. Barabara ipo tayari, uwanja wa mbao mpaka ujengwe. Mfano mzuri ni wa Paris 2024. Ese Ukpeseraye wa Nigeria alikwenda Olimpiki kwa mbio za barabarani, akapata nafasi za dakika za mwisho kushiriki uwanjani pia, sprinti na keirini. Tatizo hakuwa na baiskeli ya uwanjani. Wajerumani wakamwazima yao, akapanda, akashindana. Hakupata medali. Baiskeli yenyewe hakuwa ameizoea, na kwenye mchezo ambao watu wanabishana miezi kuhusu mshono wa nguo, jamani, mnategemea nini?

Hoy siku hizi anapigana na vita nyingine. Oktoba 2024 alisema hadharani kwamba saratani yake haiponi. Nilivyosoma nilikumbuka ule ukurasa uliokuwa ukifunguka kidogo kidogo pale kafe, kofia kwanza, halafu mabega.

Omniamu sijaieleza kwa makusudi, kanuni zake zimebadilishwa mara nyingi mno, itabidi niiandikie makala yake. Mwenye swali juu ya hizi nyingine aweke hapo chini, nikipata nafasi nitajibu.